Kabla hujakopa kuongeza mtaji, jua kwanza kinachokubana (uzi wa utafiti wa operesheni, kwa mifano ya hapa Moshi)

Hesabu za Rau:

Wakuu, salaam.

Ukimuuliza mfanyabiashara wa hapa Moshi kwa nini kazi yake haipanuki, jibu la kwanza ni mtaji. La pili, mtaji. Sibishi kwamba hela ni shida, ila napenda kuuliza: mtaji wa kununua nini hasa? Hapo ndipo watu huanza kukuna kichwa.

Nina rafiki mwenye karakana ya useremala kule Majengo. Alinijia na fomu ya mkopo nimdhamini. Anataka kushusha lori zima la mbao kutoka Mafinga, hoja yake ni kwamba mbao ndizo zinazomkwamisha. Nikamwambia tukae kwanza na karatasi. Tulichokifanya siku ile ni taaluma kamili inayofundishwa vyuoni, inaitwa utafiti wa operesheni: unageuza uamuzi kuwa hesabu ili uone mbele kabla hujatoa hela mfukoni. Msiogope. Mliofika kidato cha nne mmeshakutana nayo kwenye ile mada ya kuchora mistari kwenye grafu, unatia kivuli upande usiotakiwa, halafu unapima pembe moja moja. Wengi tuliikariri kwa ajili ya mtihani tukaiacha palepale.

Unaanza na maswali matatu. Kipi kiko mikononi mwangu kuamua? Nataka nini kiongezeke au kipungue? Kipi kinanizuia? Ukiweza kuyajibu kwa namba, umeshamaliza sehemu ngumu. Kinachobaki ni kazi ya kompyuta.

Jamaa anatengeneza vitu viwili, vitanda vya futi 5 kwa 6 na makabati ya nguo. Namba zake nimezilainisha ili zihesabike kirahisi, na pia nisianike biashara ya mtu.

Ana mafundi wawili, saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, jumla saa 96. Mashine ya kuranda wanashirikiana na majirani, zamu yake ni saa 4 kwa siku, yaani 24 kwa wiki. Mbao anazomudu ni 120 kwa wiki.

Kitanda kimoja kinakula saa 8 za fundi, saa 3 za mashine na mbao 12. Kinamwachia 60,000. Kabati linakula saa 16 za fundi, saa 2 za mashine na mbao 10 (sehemu kubwa ni bodi). Linamwachia 90,000.

Vitanda tuviite V, makabati K:

Faida = 60,000V + 90,000K (tunataka iwe kubwa iwezekanavyo)
Mafundi: 8V + 16K isizidi 96
Mashine: 3V + 2K isizidi 24
Mbao: 12V + 10K isizidi 120

Modeli yenyewe ndiyo hiyo, mistari minne.

Yeye alikuwa anakazania makabati kwa sababu moja lina 90,000. Mafundi wake wakitengeneza makabati tu wanatoa 6 kwa wiki, faida 540,000. Wakitengeneza vitanda tu, mashine inaishia kwenye cha 8, faida 480,000. Sasa nenda pale mstari wa mafundi unapokatana na wa mashine: vitanda 6, makabati 3. Faida 630,000. Mafundi walewale, zamu ileile ya mashine.

Na mbao? Zimetumika 102. Zimebaki 18.

Yaani kitu anachotaka kukikopea ndicho pekee kinachobaki chini ya banda.

Hapa ndipo utamu ulipo, na ndiyo sababu hasa ya kufungua uzi. Kila kizuizi kwenye modeli kina thamani yake, wataalamu wanaiita bei kivuli: ukiongezewa kipande kimoja cha hicho kinachokubana, faida itapanda kwa kiasi gani? Kwa karakana hii, saa moja zaidi ya mashine ina thamani ya 7,500. Saa moja zaidi ya fundi ina thamani ya 4,687 na senti. Ubao mmoja zaidi: sifuri.

Usiniamini mimi, pima. Mashine iwe saa 28 badala ya 24. Mpango mpya ni vitanda 8 na makabati 2. Faida 660,000. Imeongezeka 30,000, ambayo ni 7,500 mara 4. Kwa hiyo jirani akikubali kumkodishia mashine jioni kwa bei iliyo chini ya 7,500 kwa saa, achukue. Akidai 9,000, amwache.

Tahadhari: bei kivuli haidumu milele. Hapo kwenye saa 28 mbao zimeshafika 116. Ukizidisha mashine kwa zaidi ya saa 5 hivi, mbao zinagonga 120 na kuanzia hapo zinabana kweli. Siku hiyo arudi na ile fomu, nitasaini.

---

Mangi wa Mbuyuni:

Andiko zuri mkuu, ila biashara haiendi kwa fomula. Mimi niko sokoni kila siku. Hayo makabati matatu kwa wiki atamuuzia nani? Halafu kama mbao zinabaki, mbona yeye mwenyewe, mwenye karakana, anasema zinamwishia?

---

Hesabu za Rau:

Mangi, maswali mazito. Nianze na la pili. Zinamwishia Alhamisi kwa sababu ananunua kidogo kidogo kila hela inapoingia, na siku nyingine duka la mbao halina saizi anayotaka. Kwa wiki nzima zinatosha, siku ndizo hazikai sawa. Dawa yake ni kupanga siku ya kununua, wala haihitaji lori.

La wateja: kama soko halimezi zaidi ya makabati 2 kwa wiki, hicho nacho ni kizuizi. Ongeza mstari wa tano, K isizidi 2, uone kinachotokea. Makabati yanakuwa 2, vitanda vinakuwa 6 na theluthi mbili, faida 580,000. Mafundi sasa wanabakiwa na saa karibu 11 hawana cha kufanya. Kwa hiyo saa ya ziada ya fundi, iliyokuwa na thamani ya 4,687, sasa ni sifuri. Na saa ya mashine? Imeruka kutoka 7,500 hadi 20,000.

Soma tena hapo, Mangi. Kwa ukweli mmoja ulioutoa sokoni, bei anayoweza kukubali kwa jirani mwenye mashine imekaribia kuwa mara tatu. Hiyo fomula bila mtu kama wewe ingempeleka jamaa kwenye bei mbaya.

---

Kijana wa Pasua:

Kitanda theluthi mbili kinalaliwa na nani aisee? 😂

---

Hesabu za Rau:

Kinalaliwa wiki inayofuata, kijana. Kwa karakana inayoendelea hakuna tatizo, kitanda cha saba kinaanza Ijumaa kinamalizwa Jumatatu. Ila kuna maamuzi yasiyokubali vipande: kununua basi, kufungua tawi, kumpangia mwalimu darasa. Huko lazima uiambie kompyuta kwamba unataka namba nzima tu, na hesabu inakuwa ngumu zaidi kwa mbali. Usifikiri ni kukadiria tu juu au chini, ukiikata 6.67 juu kuwa 7, mashine inadai saa 25 na huna.

---

Mzee wa Shanty:

Nimefurahi kuona vijana mnajadili haya. Niongezee historia kidogo. Mfano wa seremala umeangukia pazuri, maana elimu hii kwa upande mmoja ilianzia kwenye mbao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 watu wa viwanda vya plaiwudi vya Leningrad walimwendea mwanahisabati kijana, Leonid Kantorovich, wamuulize namna ya kugawa magogo kwenye mashine zao ili watoe mali nyingi zaidi. Alizaliwa 1912, kwa hiyo hakuwa hata na miaka 30. Mwaka 1939 akachapisha kijitabu chenye njia yake, na ndani yake mlikuwa na namba zinazofanana na hiyo bei kivuli yenu. Huko Umoja wa Kisovieti habari za bei kutoka kwenye hesabu badala ya mipango ya serikali hazikupendeza wakubwa, na kazi yake ilikaa muda mrefu bila kusikika. Nobeli ya uchumi aliipata 1975 pamoja na Tjalling Koopmans.

Marekani nako George Dantzig, aliyekuwa akifanya kazi na jeshi la anga, alitoa mwaka 1947 njia inayoitwa simpleksi, ambayo hutembea kutoka pembe moja hadi nyingine mpaka faida isiweze kupanda tena. Nobeli ile ya 1975 hakutajwa, na wapo wanaolalamika mpaka leo. Jina lenyewe la taaluma lilitoka kwa Waingereza waliokuwa wakishughulika na rada kabla ya Vita Kuu ya Pili.

---

Mama Kuku:

Shikamoo mzee. Kaka Hesabu, mimi nafuga kuku wa mayai huku Kiboriloni. Chakula ndicho kinachonimaliza. Nanunua mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, soya na chokaa, nachanganya kwa kipimo nilichopewa na mwenzangu. Bei ya dagaa ikipanda natamani kubadilisha, naogopa mayai yatashuka. Hii hesabu inaweza kunisaidia?

---

Mzee wa Shanty:

Marahaba mwanangu.

---

Hesabu za Rau:

Dada, hili ndilo swali ambalo elimu hii inalijibu vizuri kuliko yote. Viwanda vya vyakula vya mifugo duniani vinaitumia kila siku.

Unachoamua: kilo ngapi za kila kitu kwenye kilo 100 za mchanganyiko. Unachotaka: gharama ndogo. Vizuizi: jumla iwe 100, protini isishuke chini ya kiwango (kuku wa mayai mara nyingi huwekwa asilimia 16 hadi 18), nishati itoshe, kalsiamu itoshe kwa ganda la yai. Halafu usisahau vizuizi vya juu: mashudu ya alizeti yasizidi kiasi fulani kwa sababu ya nyuzinyuzi, dagaa wasizidi kiasi fulani mayai yasije yakanuka samaki. Soya iwe imekaangwa au kuchemshwa. Viwango kamili mwulize ofisa mifugo wako, mimi ni mtu wa hesabu.

Hivyo vya juu navikazia kwa sababu ya kisa kimoja. Mwaka 1945 mchumi George Stigler aliuliza: binadamu anaweza kula kwa bei gani ya chini kabisa kwa mwaka na asikose lishe? Vyakula 77, virutubisho 9. Hakukuwa na njia ya uhakika ya kupata jibu, akakisia kwa akili akapata dola 39.93 kwa bei za 1939. Simpleksi ilipopatikana 1947 wakaijaribu kwenye tatizo lilelile. Makarani waliketi na mashine za kuhesabia za mezani, kazi ikala kama siku 120 ukizijumlisha za wote. Jibu: dola 39.69. Stigler alikuwa amekosea senti 24 tu!

Dantzig baadaye akaamua kujipangia mlo wake kwa kompyuta, mkewe angempikia chochote kitakachotoka. Hakutaka njaa, akaiambia itafute vyakula vyenye uzito mkubwa ukiondoa maji. Kompyuta ikampa siki, galoni 500 kwa siku, kwa sababu kwenye jedwali siki ilikuwa imeandikwa haina maji. Akaifuta siki, akarudia. Safari hii ikampangia vipande 200 vya supu kwa siku, vile vya kuungia mchuzi. Hakuna aliyekuwa ameweka kikomo cha chumvi.

Kompyuta haikukosea hata mara moja. Ilimpa alichoandika. Kwa hiyo dada, usipoandika kikomo cha mashudu na mashudu yakawa rahisi, utapewa mashudu matupu na kuku watakushangaa.

Na bei kivuli tena: ikikuambia kwamba kila pointi ya protini inakugharimu hela nyingi kuliko kitu kingine chochote, basi tafuta chanzo kipya cha protini. Kuhangaika na bei ya pumba hakutakusogeza.

---

Ndiva:

Mimi ni mtu wa Same, naishi hapa Moshi. Nimesoma nikakumbuka maji ya mashambani. Kwetu Upareni tuna ndiva, bwawa linalokusanya maji usiku, asubuhi linafunguliwa kwa zamu. Wachagga nao wana mifongo yao, mifereji ya kumwagilia. Wazee walipanga zamu hizo bila kompyuta. Je, na hiyo ni utafiti wa operesheni?

---

Hesabu za Rau:

Kabisa. Fikiria mto unaotoa maji sawa mchana na usiku, lakini mtu anamwagilia mchana tu. Bila bwawa, maji ya usiku yanapita bure, na kinachokubana ni maji ya mchana. Ndiva inayahamisha maji ya usiku kuja mchana. Kizuizi ni kilekile, kimelegezwa bila kuongeza tone moja la mto. Ukiwa na maji ya kujaza ndiva kwa saa 10 za usiku, swali linalofuata ni ukubwa wake: ikiwa ndogo inafurika alfajiri, ikiwa kubwa mno umechimba bure. Stoo ya duka ina hesabu hiyohiyo. Mwaka 1913 Ford Harris alitoa fomula ya kiasi cha kuagiza kwa mkupuo, na bado inafundishwa.

Ila zamu za mfongo zina jambo ambalo modeli hailisemi yenyewe: haki. Kompyuta ukiiachia itafute mavuno makubwa ya kijiji kizima, inaweza kumnyima kabisa mjane mwenye shamba la mwisho wa mfereji. Wazee hawakuwa wanatafuta mavuno makubwa tu. Kama unataka kila mtu apate angalau zamu moja, iandike.

---

Dada wa Dirishani:

Nafanya kazi sehemu yenye dirisha moja la kuhudumia wateja (nisiseme wapi). Bosi anasema foleni ni uvivu wetu kwa sababu "mna uwezo wa kuhudumia watu 12 kwa saa na wanaokuja ni 10". Tunaonekana wazembe na hatupumziki hata kunywa chai.

---

Hesabu za Rau:

Pole sana. Mwonyeshe bosi hii. Watu wakija ovyo ovyo, bila miadi, na muda wa kumhudumia kila mmoja nao unabadilikabadilika, kuna kanuni rahisi ya dirisha moja: muda wa wastani wa mteja tangu aingie mpaka atoke ni 1 gawanya kwa (uwezo toa wanaokuja).

Wakija 8 kwa saa: 1/(12−8), robo saa, dakika 15.
Wakija 10: 1/(12−10), dakika 30.
Wakija 11: saa nzima.

Ameongezeka mteja mmoja tu kwa saa, kutoka 10 hadi 11, muda umekuwa mara mbili. Na uwezo bado unawazidi wanaokuja! Bosi anapiga hesabu kana kwamba watu wanafika mmoja kila baada ya dakika 6 kamili. Hawafiki hivyo. Wanakuja watano kwa pamoja, halafu kimya, halafu saba. Ule muda wa kimya hauwezi kuuweka akiba ukautumia wakija saba. Mdenmark mmoja, Agner Erlang, alianza kuzifanyia kazi hesabu hizi kwenye simu za Copenhagen, andiko lake la kwanza ni la 1909. Dirisha lililotingwa kwa zaidi ya asilimia 80 ya muda lazima liwe na foleni, hata mkimweka malaika.

---

Dada wa Dirishani:

Nimeichapisha hiyo. Kesho naibandika karibu na mezani kwake 🙏

---

Mangi wa Mbuyuni:

Mimi nasambaza mikate kwa bajaji. Maduka 10: Soweto, Karanga, Shanty Town, Longuo, Rau, Kiboriloni, Njoro, Pasua, Majengo, Bondeni. Hiyo kompyuta inaweza kunipa njia fupi?

---

Hesabu za Rau:

Inaweza. Mpangilio wa kupita maduka 10 na kurudi ulikoanzia upo wa namna 1,814,400. Kompyuta ya kawaida inazipima zote bila shida. Ukifika maduka 15 namna zinazidi bilioni 650, hapo kupima moja moja ni kupoteza muda na zinatumika mbinu nyingine.

Ila kabla ya njia fupi nikurudishie swali lako la kwanza: njia ndiyo inayokubana? Kama maduka yote yanataka mkate kabla ya saa moja asubuhi na mikate inatoka jikoni saa kumi na mbili na nusu, kilomita mbili utakazookoa hazitakusaidia. Kinachokubana ni jiko.

---

Mangi wa Mbuyuni:

😅 Mikate inatoka saa kumi na mbili na robo. Umenishika.

---

Kijana wa Pasua:

Mkuu, sasa tufundishe kuiweka kwenye kompyuta. Nina Excel.

---

Hesabu za Rau:

Nenda kwenye nyongeza za Excel (Add-ins) uwashe Solver, imo ndani, huilipii. Asiye na Excel atumie LibreOffice Calc, ni bure na inayo Solver pia.

Seli mbili ziwe za V na K, anza na sifuri. Seli moja iwe fomula ya faida. Seli tatu ziwe za matumizi: saa za mafundi, saa za mashine, mbao. Pembeni ya kila moja andika kikomo chake: 96, 24, 120. Fungua Solver, ielekeze kwenye seli ya faida, chagua iwe kubwa kabisa, seli za kubadilisha ni zile mbili, ongeza masharti matatu, weka alama kwamba V na K zisiwe hasi. Kwenye njia ya kutatua chagua Simplex LP. Bonyeza. Ikikupa 6 na 3 uko sawasawa.

Kwenye Excel, ikimaliza kabla hujafunga, itakuuliza unataka ripoti gani. Chagua ile ya unyeti (Sensitivity), ya pili kwenye orodha. Humo utakuta bei kivuli za kila kizuizi pamoja na mipaka inayoonyesha zinafaa mpaka wapi. Watu wengi wanaifunga bila kuitazama, wakati ndiyo yenye jibu la nani umkodie na kwa shilingi ngapi.

Angalizo: ukilazimisha namba nzima, hiyo ripoti haitoki. Kwa hiyo kimbiza kwanza bila sharti la namba nzima, soma bei kivuli, halafu ndipo uongeze hilo sharti na ukimbize tena upate mpango wa kupeleka karakanani. Mama Kuku, wewe huna haja ya sharti hilo, kilo zinakubali vipande. Weka hapa bei zako za wiki hii na viwango atakavyokupa ofisa mifugo, tuichanganye pamoja.